Siku Mama Mkwe wa Bosi Alipoketi Chumba cha Mashine

Bosi wangu aliamini AC ni kitu cha heshima. Si cha kazi, cha heshima, kama maua ya plastiki juu ya meza. Akiingia ofisa mwenye tai kuulizia bango la wiki ya chanjo, AC inawashwa mpaka ofisa wa watu anakunja mikono kwa baridi. Ofisa akitoka, inazimwa kabla hajavuka mtaro. Rimoti yenyewe ilikaa kwenye mfuko wa shati la bosi, pale wanaume wengine wanapoweka kalamu. Nilifanya kazi katika duka lile la kuchapa mabango, Tarime mjini, miaka minne, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuigusa rimoti ile bila kuomba.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Mkoani Mara nililetwa na ndoa. Mume wangu ni muuguzi wa serikali, akapangiwa huku, nikamfuata na sanduku moja la nguo na ufundi wangu wa mashine kubwa za kuchapa. Ufundi huo niliupata Dar es Salaam, kwenye karakana ambayo fundi mkuu alikuwa mzee mpole asiyepandisha sauti, ila ukiacha mlango wazi alikuwa anakutoa kazini siku hiyo hiyo. Alitufundisha kwamba mashine inataka hewa ile ile asubuhi na jioni: joto la nyuzi ishirini na mbili hivi, unyevu wa asilimia hamsini, na kama ni kubadilika ibadilike polepole. Hewa ikiwa kavu mno, wino unakaukia kwenye vitundu vya kichwa cha mashine na vumbi linanata kila mahali. Ikiwa mbichi mno, karatasi na kanvasi zinavimba, zinapiga mawimbi, na kichwa kikipita kinazikwaruza. Basi, ndiyo hayo tu. Mtoto wa darasa la tano anaelewa.

Bosi hakuelewa, na ubaya zaidi, hakutaka. Nikimwambia habari ya AC ananijibu kwamba hii ni Tarime, si Dar. Huku baridi tunapewa bure na Mungu, ya nini kuinunua tena kwenye umeme? Ni kweli mji ule una baridi. Saa nne asubuhi bado watu wamevaa sweta. Lakini baridi na ukavu ni vitu viwili, AC inakausha hewa pia, na mwezi wa nne mvua zikikolea hata unga wa ugali unashikana kwenye mfuko. Nilimweleza hivyo kwa utaratibu, kama ninavyoeleza sasa. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema watu wa Morogoro tunapenda raha.

Nilikwenda Mwanza kwa mambo yangu nikanunua kipimo kidogo, kile cha mviringo chenye mishale kama saa, joto juu na unyevu chini, nikakitundika ukutani karibu na mashine. Loo. Mwezi mzima wateja waliniuliza kwa nini saa yetu haiendi. Mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, mtu mzima mwenye wake wawili, alikaa akaitazama robo saa nzima ili aone kama mimi ndiye mwongo au saa ndiyo mbovu. Wateja wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari, wale wa kuniita madam, walicheka wakasema kwao Kenya saa kama hiyo ingeshatupwa. Bosi naye alicheka pamoja nao, kwenye duka lake, kwa kitu nilichonunua ili mashine yake isife.

Nikaanzisha daftari. Asubuhi, mchana na jioni niliandika joto, niliandika unyevu, na pembeni niliandika bosi amefanya nini. Saa nne, unyevu sabini na moja, bosi kafungua milango yote miwili ili wapita njia waone mashine. Saa nane, sitini na nane, bosi kamwagia sakafu maji kutuliza vumbi. Saa kumi, bosi kaleta jiko la mkaa ndani eti likaushe hewa, masizi yametua kwenye stika za shule. Ukiniuliza wakati ule ningekwambia ni kumbukumbu za kazi. Uongo mtupu. Ilikuwa hati ya mashtaka, na nilikuwa nasubiri siku ya kesi. Nilitaka aumbuke, na nilitaka niwepo.

Siku hiyo ilikuja na picha ya baba mkwe wake.

Huyo mzee alikuwa mwalimu huko Kemambo, amefundisha mpaka akastaafu, amefariki mwaka mmoja nyuma. Kaburi lilikuwa limejengewa, na familia ilipanga ibada ya kumbukumbu siku ya Jumamosi. Bosi aliniambia mwenyewe, siku moja akiwa na hali nzuri, kwamba mzee yule hakuwahi kumheshimu. Alimpa binti, alipokea ng'ombe, lakini kila wakikutana alimuuliza kama bado anachapa yale maplastiki yanayochanika kwa upepo. Hata kama kulikuwa na watu. Miaka kumi na mbili mkwe anaulizwa swali hilo hilo, na miaka kumi na mbili anacheka kwa adabu na kuangalia chini.

Sasa mzee amekufa, na bosi amewaahidi ukweni picha yake kubwa kwenye kanvasi, mita moja kwa mita moja na nusu, yenye fremu ya mbao, ya kukaa sebuleni kwa mjane mpaka wajukuu wazeeke. Si plastiki. Kitu cha kudumu. Alitamka neno hilo, cha kudumu, akinitazama kama vile mimi ndiye ukoo mzima. Ndani ya stoo tulikuwa na kipande cha kanvasi kinachotosha picha moja tu. Roli jipya lingetoka Mwanza wiki inayofuata. Kwa hiyo picha ilikuwa itoke sawa mara moja, au isitoke. Nilimwambia. Akasema, basi wewe si ndiye mtaalamu?

Mjane alifika Alhamisi asubuhi, mvua ikinyesha kisawasawa, nyuma ya bodaboda, kutoka Kemambo. Picha ya mumewe ilikuwa moja tu, iliyotolewa ukutani, na alikataa kumpa mtu ailete. Aliifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaifunga tena kwenye kanga, akaikumbatia njia nzima. Picha ilifika kavu kabisa. Yeye alikuwa anachuruzika maji kuanzia kilemba mpaka viatu.

Ni lazima nieleze jambo hapa kwa mtu asiyewajua Wakurya. Kwao mwanaume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hawashikani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anapisha. Ni heshima, na hawaichezei. Bosi alimwona mama huyo akishuka kwenye pikipiki, na kabla sijageuza shingo alikuwa ameshakula kona kwa mlango wa nyuma. Mwanaume wa kilo tisini na kitu. Nilimwona tena dakika mbili baadaye, ng'ambo ya barabara, amejibanza kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi, nyuma ya matangi ya maji. AC ameizima. Rimoti ameondoka nayo mfukoni.

Nilimsalimia mama shikamoo, akaitikia kwa sauti ndogo, nikapokea picha. Simu ikalia. Ni bosi, hatua thelathini kutoka nilipo, namwona mdomo ukitembea. Akaniamuru nimkalishe mama chumba cha ndani, cha mashine, kwa sababu chumba cha mbele kina upepo na watu wanaingia na kutoka. Nimpe kiti kizuri. Nimletee jiko akauke. Nimpikie chai hapo hapo. Nikamwambia AC inatakiwa iwake, hewa ni mbichi, alete rimoti au ampe mtu ailete. Akauliza kama nataka mama mkwe wake apate homa ndani ya duka lake, halafu ukoo mzima useme nini. Nikamwambia nguo zake zinatoa maji, jiko litayageuza mvuke, na chai juu yake. Akanijibu kwa upole sana, kama anavyoongea mtu na mgonjwa, kwamba heshima ya mama ni kubwa kuliko saa yangu ya ukutani. Akakata simu.

Haya. Nilimkalisha. Nilileta jiko. Niliinjika chai. Kila nilichoambiwa nilikifanya, tena kwa bidii, kwa ile bidii ya mtu aliyeshakasirika. Mama alikaa wima, akanyoosha mikono kwenye moto, kanga yake ikaanza kufuka. Kipimo kilisoma sitini na tisa alipoingia. Nilipomaliza kuiskani picha kilisoma sabini na nne. Birika lilipochemka kilifika themanini. Niliandika zote kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri.

Unaweza kuuliza kwa nini sikumwambia mama mwenyewe. Ilikuwa sentensi moja tu. Mama, mashine hii inaogopa unyevu, twende tukakae chumba cha mbele, nitakuita. Hakuwa mama mkwe wangu mimi. Hakuna mila iliyonifunga mdomo. Nimejiuliza hilo mara nyingi, na jibu halinipendezi. Sikumwogopa na wala sikumwonea haya. Nilimwona ni bibi wa shamba aliyelowa, ambaye nikimweleza habari ya asilimia ataniangalia tu. Halafu, hasa, nilimtaka akae pale pale. Alikuwa ushahidi wangu. Kila tone lililotoka kwenye nguo zake lilikuwa dhidi ya bosi.

Aliomba kitu kimoja tu: kama anaruhusiwa kuona sura inavyotoka. Nikamwambia anaruhusiwa. Akasogeza kiti karibu kabisa na mashine, na jiko nalo akalisogeza, kwa sababu alidhani na mimi nahisi baridi. Alinisogezea upande wangu. Nilimwambia asante, nikafunga kanvasi kwenye mashine. Ilikuwa imeshalegea. Nilipopitisha kiganja niliyahisi mawimbi, madogo madogo, kama shuka lililolaliwa. Fundi yeyote angesimama hapo. Fundi mkuu wangu wa Dar angenitoa kazini siku hiyo hiyo. Nilibonyeza kuchapa.

Picha ilianza kutoka juu. Mandhari ya ukuta wa darasa, nywele zenye mvi, paji la uso. Wino ulishika vizuri kuliko nilivyotegemea, nikaingiwa na hofu ya ajabu, hofu kwamba itatoka salama na bosi ataendelea kuwa bosi. Mama aliinamia mbele. Macho ya mzee yalipotokea alicheka kidogo, akasema kitu kwa Kikurya ambacho hakikuwa cha kwangu. Pua ikatoka. Ndipo kanvasi ikainuka pembeni, kichwa cha mashine kikaigusa, kikaivuta, kikauburuta wino mbichi kutoka shavu la kulia mpaka kidevuni. Mstari mweusi, mpana kama vidole viwili. Mdomo wa mzee haukuonekana. Mashine ikakwama, ikaanza kupiga kelele yake ya kuomba msaada, nikaizima.

Niseme ukweli wote. Nilifurahi. Haikuzidi pumzi tatu, lakini nilifurahi mpaka kooni. Nilichukua daftari, nikashika simu, nikatafuta namba ya bosi.

Mama alikuwa ameshasimama. Alitazama picha, akatazama mashine, kisha akajitazama yeye mwenyewe, kanga, gauni, viatu, na kile kidimbwi chini ya kiti.

"Ni hizi nguo zangu?" akaniuliza.

Nikalifunga daftari. Nilikuwa na majibu ya kurasa arobaini mkononi.

"Nilikuona unaniangalia tangu nilipoingia," akasema. "Nikajua kuna kitu. Mbona hukuniambia, binti yangu? Ningetoka."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningemjibu, ningempa mila yao yote, ningempa mkwe wake na matangi yake ya maji. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Kisha akachukua ile picha ndogo, akaifunga tena kwenye nailoni na kanga, akatoka nje, akasimama kwenye kibaraza chetu, kwenye upepo na manyunyu, ili chumba kikauke. Nilimfuata nikamwambia arudi ndani, picha imeshaharibika, kukauka hakusaidii tena. Akakataa. Akasema labda kuna namna. Ng'ambo ya barabara bosi alimwona ametoka, akageuka, akaenda zake mbali zaidi, huku ameinamisha kichwa.

Nilimpigia. Nikamwambia kanvasi imekwisha na uso umeharibika. Nikafungua daftari, nikamsomea mstari wa kwanza, saa tatu, sitini na tisa. Akaniuliza kama mama ameiona. Nikasema ameiona. Nikataka kuendelea na mstari wa pili, nikagundua hayupo kwenye simu.

Baadaye alituma ujumbe wa maneno machache. Chapa kwenye plastiki.

Nilichapa kwenye plastiki. Ile ile ya mabango, inayong'aa, ya kutangaza soda na mikutano. Safari hii niliondoa jiko, nilikausha sakafu, nilimtuma mtu akachukue rimoti na bosi akaitoa bila neno. Nilisubiri mpaka hewa ikatulia. Ilitoka safi, kila unywele mahali pake, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya katika duka lile, juu ya kitu ambacho marehemu alikuwa anakicheka miaka kumi na mbili.

Jumamosi nilikwenda Kemambo na mume wangu. Nilikuwa nimejiambia naenda kwa adabu tu. Picha ilisimamishwa mbele ya kaburi, imepigiliwa kwenye fremu ya mbao iliyotengenezwa kwa ajili ya kanvasi, na kwa kuwa plastiki ni laini ilikuwa imelegea katikati. Jua lilitoka baada ya mvua za wiki nzima, likaigonga picha moja kwa moja. Pale alipokaa mjane, mstari wa mbele, hakuweza kuona uso. Aliona mwanga mtupu. Nilimwona anavuta kiti kushoto, halafu kulia, halafu akaacha.

Bosi alikuwa upande wa wanaume, mbali, kama mila inavyomtaka. Zamu ya wakwe ilipofika alisimama. Nilijua atasema nini. Atasema fundi wake, mtu wa kuja, aliharibu. Na angekuwa na haki ya kusema hivyo, ingawa hakujua. Mimi nilikuwa na majibu yangu tayari. Hata daftari lilikuwemo kwenye pochi. Ndiyo, nilikwenda nalo ibadani.

Akasema aliahidi kanvasi na ameleta plastiki. Akasema mama alikuja mpaka dukani kwenye mvua, na yeye mwenye duka aliitunza mashine vibaya, alifundishwa namna ya kuitunza na mtu anayejua na hakusikiliza. Kwa hiyo kosa ni lake, na anaomba radhi kwa marehemu mbele ya watu. Mzee mmoja nyuma yake akaguna. Wanaume wawili watatu wakacheka, kile kicheko alichokizoea, naye akacheka nao kwa adabu, akaangalia chini, akakaa.

Mjane hakugeuka upande wa mkwe wake, maana haruhusiwi. Alinigeukia mimi. Alinitazama kwa muda, bila ubaya wowote, kama alivyonitazama dukani aliponiuliza lile swali. Alijua. Watu mia mbili pale, na tulikuwa wawili tu tunaojua kwamba sentensi moja ingetosha, na nani hakuisema. Alisubiri kidogo, labda akidhani nitasimama niseme, kisha akageuza uso.

Wakagawa chakula. Walinipa nyama ya mgeni, sahani imejaa, na wali juu yake. Niliila yote, daftari likiwa bado kwenye pochi.